Breki Haisemi Uongo: Sehemu ya Tisa

Msomaji, wiki nzima umemwacha Spana amesimama katikati ya karakana na karatasi mkononi. Wewe umekula, umelala, umefua soksi. Yeye hajaketi. Kwa heshima ya mkono wake, ambao umeshaanza kufa ganzi, twende haraka.

Karatasi ilikuwa ndogo, imekunjwa mara nne, na aliichomoa mwenyewe kwenye kibegi cha chini ya kiti cha baiskeli ya mchumba wake. Mwandiko ulikuwa wa Mwalimu, hilo halina ubishi. Nani mwingine duniani hupigia tarehe mstari kwa rula?

"Jumamosi, saa mbili asubuhi. Njia ya Kobe. Mimi na D. tu. Spana asijue."

Alisoma mara ya tano. Maneno hayakubadilika. Maneno yana kiburi.

"D," alisema. "D!"

"Dereva?" aliuliza Shangazi bila kuinua macho kwenye cherehani, alikokuwa akishona vifuniko vya viti vya baiskeli.

"Dereva wa nini, Shangazi? Daktari!"

"Hata dada huanza na D."

"Mwalimu hana dada."

"Hapo sasa," alisema Shangazi, akaendelea kushona.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kuufungua ukurasa huu, usijikune kichwa. Spana ni fundi wa baiskeli, na jina hilo alilipata siku alipoingia kwenye harusi ya binamu yake akiwa na spana mkobani. Mwalimu hufundisha jiografia, na miezi miwili ijayo atamwoa Spana, Mungu akipenda na baiskeli zikiruhusu. Kesho alfajiri wao wawili walikuwa waondoke kwa siku tatu kwenda vilimani, pamoja na Mwokaji mwenye gari la mikate, na mwanachama mpya wa kikundi chao: Daktari wa Meno, mwanamke mrefu, mwenye baiskeli nyepesi ya kuinua kwa kidole na tabasamu linaloifanya taa ya karakana ijisikie haina kazi.

Kule vilimani kuna njia za baiskeli arobaini na mbili, zote zimepewa rangi. Kijani ni ya watoto. Bluu ni ya watu wazima wenye akili. Nyekundu ni ya vijana. Nyeusi ni ya walioandika wosia.

Mwalimu ndiye aliyeipanga safari yote. Wiki tatu alikuwa juu ya ramani: vyumba, saa za kuamka, njia za kila siku, hata nani abebe chumvi.

"Jumamosi asubuhi wewe nenda na Mwokaji upande wa maporomoko ya maji," alikuwa amemwambia Spana. "Mimi nitabaki nyuma kidogo, nichore ramani."

Kuchora ramani! Ramani yenye meno meupe thelathini na mawili!

Spana aliitupa karatasi mezani, akaziendea baiskeli zilizoning'inia kwenye kulabu. Zote nne zilikuwa hapo kwa ajili yake, azikague kabla ya safari. Na hapa ndipo lilipo tatizo la kuchumbia fundi: wenzake husoma barua, yeye husoma baiskeli.

Kwenye mifereji ya tairi za Daktari kulikuwa na udongo mwekundu.

Kwenye mifereji ya tairi za Mwalimu kulikuwa na udongo mwekundu.

"Mji huu una udongo mwekundu wapi, Shangazi?"

"Kule machimbo ya zamani tu."

"Na Mwalimu aliniambia wiki mbili hizi amekuwa akisahihisha mitihani."

"Labda aliisahihishia machimboni. Kuna utulivu."

Spana hakucheka. Alifungua breki ya nyuma ya Mwalimu, akazitoa pedi zake mbili. Zilikuwa zimeisha, nyembamba kama ganda la karanga. Pedi hizo alizifunga yeye mwenyewe, mpya kabisa, siku kumi na nne zilizopita!

"Umeona? Anamfukuza! Anamfukuza huyo mwanamke kwenye miteremko ya machimbo, kasi mpaka breki zinaisha! Akiwa na mimi anasimama kila baada ya dakika mbili kuangalia mawe!"

Akazitupa zile pedi kwenye sinia la vyuma, kwaa. Alikuwa amepima unene wake. Uso wa pedi hakuutazama. Likumbuke hilo kosa, maana mwanafunzi wa ufundi wa siku ya kwanza asingelifanya.

Wivu ni kama kengele ya bweni. Hailii kwa sababu kumekucha. Hulia kwa sababu kuna mtu ameishika kamba. Na Spana alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

"Njia ya Kobe," alisema kwa uchungu. "Unaijua njia hiyo, Shangazi? Pana, mteremko wa taratibu, kivuli mwanzo hadi mwisho. Hiyo ni njia ya watu wanaotaka kuzungumza!"

"Basi wazungumze, nawe uwaulize walichozungumza."

"Nitawapa njia isiyo na mazungumzo."

Tuvue kofia, msomaji. Ni hapa ambapo heshima ya ufundi wa baiskeli iliingia mtaroni.

Spana aliinua mkono wa simu ya mezani ya karakana, ile kongwe isiyokumbuka namba ya mtu yeyote, akaipigia ofisi ya vilimani. Akapokea Mlinzi wa njia, ambaye kazi yake ni kupanga nani ashuke wapi na saa ngapi.

"Hallo," alisema Spana. Lakini haikuwa sauti ya Spana. Ilikuwa sauti laini, ya puani, ya polepole, kama ya mtu anayeogopa kuliamsha jino. "Mimi ni yule Daktari wa Meno. Tuna nafasi Jumamosi saa mbili, mimi na Mwalimu, Njia ya Kobe. Naomba utuhamishie nyeusi. Kimyakimya. Tafadhali."

Kalamu ya Mlinzi ilisikika ikiwekwa chini.

"Daktari, unajua kwa nini njia hiyo inaitwa Kimyakimya?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu anayeishuka hapati pumzi ya kupiga kelele."

"Hiyohiyo. Tafadhali. Tafadhali sana."

Akakata simu. Akapangusa mikono kwa tambara, kama jaji aliyemaliza kesi.

"Sasa waitane mpenzi," alisema. "Kama watazipata pumzi."

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Shangazi alikuwa ameinuka, ameinamia sinia la vyuma, ameshika pedi moja kati ya vidole viwili.

"Mwanangu, umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hizi za nani?"

"Za huyo huyo."

"Mbona zimeng'aa hivi? Naona hadi pua yangu humu. Yule mtu wa posta aliyeleta pedi kama hizi mwezi uliopita, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ukweli," alisema Spana kwa sauti ya darasani, maana somo hilo alilipenda. "Breki haisemi uongo. Mtu anayejua kushuka hubana kwa nguvu, akaachia, akabana tena. Pedi zake huisha zikiwa na mikwaruzo. Lakini zikiisha huku zinang'aa, ujue mwenyewe amezibana tangu juu mpaka chini, hajaachia hata mara moja, kwa sababu ana..."

Alisimama hapo.

"Ana nini?" aliuliza Shangazi.

"Anaogopa."

Karakana ilitulia kama bweni lililosikia viatu vya mwalimu wa zamu.

Miaka miwili wamepanda na kushuka pamoja. Miaka miwili Spana amekuwa wa kwanza kufika chini, akivua helmeti, akimsubiri mchumba wake nusu saa. Na kila mara Mwalimu hufika akitabasamu, jasho kama maji, akisema alisimama kutazama tabaka za mwamba.

Miaka miwili ya mawe!

"Na baada ya somo," alisema Shangazi, "ulimwambia nini tena yule mtu wa posta?"

"Shangazi, acha."

"Ulimwambia, 'Mwanaume mzima kuogopa mteremko! Ningekuwa mkeo ningerudi kwetu.' Nilikuwa nimekaa hapa. Na Mwalimu alikuwa amekaa pale, juu ya kreti, na kikombe cha chai."

Spana alikumbuka. Alikumbuka kikombe kilivyokwama hewani. Wateja wote walicheka. Mwalimu naye alicheka, ila alichelewa kidogo.

Alirukia simu.

"Hallo, ni mimi tena, Daktari," alisema puani, huku akihema kama aliyetoka mbioni. "Nimebadili mawazo. Turudishe Njia ya Kobe. Upesi!"

"Umechelewa, Daktari," alisema Mlinzi. "Nimeshampigia Mwalimu, naye amethibitisha. Aliyethibitisha ndiye anayefuta. Lakini ondoa shaka, amefurahi mno! Kanipigia kelele sikioni."

Ndugu zangu, wapo waliowahi kumwaga wino kwenye shuka la kiranja na kugundua kwamba shuka ni lao. Hao pekee ndio wanaoweza kumwelewa Spana alasiri ile.

Saa kumi kamili mlango ulisukumwa. Alitangulia Mwokaji, tumbo kwanza, akiwa amekumbatia mikate minne ya safari.

"Shemeji! Gari nimelifagia, makombo yote nje! Vipi, mbona umekaa kama mtu aliyeng'olewa jino bila ganzi?"

"Usinitajie meno," alisema Spana.

Nyuma yake akaingia Mwalimu. Alikuwa amechomekea shati, ameshika ramani kwapani, na uso wake uling'aa kuliko pedi zake. Alikisogeza chungu cha grisi, akaitandaza ramani juu ya meza ya kazi, akaweka koleo pembe moja na bisibisi pembe nyingine. Juu ya ramani akaweka mpango wa safari, majina manne yamepangwa kwa safu.

"Kabla hatujagawana mizigo," alisema, "nina neno."

"Mwalimu, subiri kwanza, nami nina..." alianza Spana.

"Nisikilize. Nikinyamaza sasa sitasema tena." Akavuta pumzi. "Mimi ni mwoga."

Mwokaji, aliyekwisha kumega mkate, alitafuna polepole.

"Mwoga wa nini, ndugu yangu?"

"Miteremko. Nikiona gurudumu la mbele linainama, moyo unapanda hapa." Akagusa koo. "Miaka miwili nimekuwa nikitazama mawe ambayo sikuyajali hata kidogo."

"Hata lile ulilotuonyesha mwezi uliopita? Ulilosema ni la kale kuliko samaki?"

"Hata lile."

"Nililibeba nyumbani!" alisema Mwokaji kwa huzuni. "Limo kabatini!"

Mwalimu alimgeukia Spana. "Nilimwomba Daktari anifundishe. Machimboni, kila Jumanne na Alhamisi. Nilitaka Jumamosi nijaribu Njia ya Kobe bila kubana breki, halafu Jumapili tushuke mimi na wewe, ubavu kwa ubavu. Nilitaka mara moja tu nifike chini ukiwa bado hujavua helmeti."

"Kwa nini hukuniambia?" Sauti ya Spana ilikuwa ndogo.

"Ungerudi kwenu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja saa. Spana alitamani angetukanwa.

"Ila leo," Mwalimu aliendelea, na uso ukamwaka tena, "Mlinzi amenipigia. Daktari ametuhamishia Kimyakimya! Bila hata kuniuliza! Mlinzi anasema aliomba kwa adabu, tafadhali, tafadhali sana. Fikiria! Mtu aliyeniona nikitetemeka kwenye kilima cha hatua kumi, anasema ninaweza nyeusi. Spana, hakuna mtu aliyewahi kuniamini kiasi hicho. Hata mama yangu mzazi."

Hapo Spana akashikwa na aina ya wivu ambayo kamusi bado haijaipa jina. Alimwonea wivu mwanamke wa kwenye simu. Alimwonea wivu kwa moyo wake wote na maini yake yote. Na mwanamke huyo alikuwa yeye.

Aseme? Akisema, atapata sifa ya kumwamini mchumba wake, na papo hapo ataipoteza, kwa sababu hakupiga simu ile kwa kumwamini. Asiseme? Basi Mwalimu ataishuka Kimyakimya na shingo yake, ambayo Spana alikuwa na mipango nayo ya maisha.

Kabla hajaamua, mlango ukafunguka tena.

Daktari wa Meno aliingia na koti lake jeupe limekunjwa mkononi. Mwalimu alimwendea kwa hatua tatu, akamshika mikono yote miwili.

"Daktari! Sijui nikushukuru vipi!"

"Kwa lipi?"

"Kimyakimya! Mlinzi ameniambia yote. Umepiga simu mwenyewe!"

Daktari alichomoa mikono yake taratibu. Macho yake yalitoka kwa Mwalimu, yakaenda kwenye simu ya mezani, ambayo mkono wake ulikuwa na alama mbichi za grisi. Kutoka kwenye simu yakaenda kwa Spana. Yakakaa hapo. Spana alisikia masikio yakimwaka.

Sasa atasema, alijiambia. Sasa atakana, na mimi nimekwisha.

Daktari akatabasamu, meno yote.

"Nilijua unaweza, Mwalimu," alisema kwa ile sauti ya puani. "Niliona aibu kukwambia usoni."

Mkate ulimdondoka Mwokaji.

"Mwongo!" Spana aliruka kutoka kwenye kiti. "Mwongo mkubwa! Ni mimi niliyepiga!"

"Wewe?" alisema Mwalimu.

"Mimi! Kwa simu hii! Nilijifanya yeye!"

"Ili iweje?"

"Niliiona karatasi yako. Mimi na D. tu, Spana asijue. Nikadhani... nikataka mkose pumzi ya kuzungumza."

"Uliipekua mizigo yangu?"

"Nilikuwa natengeneza baiskeli!"

"Ndani ya kibegi kuna breki?"

Shangazi alikohoa, akasema alimsikia kwa masikio yake, lakini shahidi wa ukoo hana uzito. Mwokaji aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Shemeji, samahani, siyo kwamba hatukuamini. Lakini hebu iigize hiyo sauti tusikie."

Spana alifumba macho. Kwenye simu sauti ile ilimtoka kama maji bombani. Lakini wakati ule hakuwa akitazamwa na watu wanne. Alifungua mdomo, na jamani, mwandishi wa haki hawezi kuficha: kilichotoka kilikuwa mlio wa mbuzi aliyefungiwa nje.

Mwokaji aliuma midomo asicheke. Hakufaulu.

"Mpigieni Mlinzi!" alilia Spana. "Muulizeni!"

Mwalimu alitoa simu yake mfukoni, akabonyeza, akaiweka wazi mezani ili wote wasikie.

"Mlinzi, samahani. Aliyeomba tuhamishiwe nyeusi alisema yeye ni nani?"

"Daktari wa Meno," ilisema sauti nzito. "Tena ana adabu kweli yule mama, tafadhali juu ya tafadhali."

"Asante." Mwalimu akakata. Akamgeukia mchumba wake. "Spana, kama unadanganya, basi umenionea wivu hata kuaminiwa. Kama unasema kweli, basi ulinipeleka kwenye njia ile ili niadhirike. Niambie mwenyewe nichukue lipi."

Spana aliweka viganja vyote viwili juu ya meza, kati ya koleo na bisibisi.

"Chukua lolote," alisema, machozi yakimteremka na kuchanganyika na grisi. "Nichukie ukitaka. Ila usiishuke Kimyakimya. Mimi naijua ile njia, Mwalimu, utavunjika. Usiende. Huwezi!"

Neno hilo lilianguka kama sinia la bati kwenye sakafu ya bwalo. Kila mtu alilisikia, na kila mtu alingoja mtu mwingine aliokote.

Mwalimu aliliokota.

"Siwezi," alirudia polepole. "Sawa."

Akainama juu ya mpango wa safari. Akapapasa mfuko wa shati, kalamu hakuiona. Daktari akampa ya kwake. Mwalimu akatoa rula, akaiweka taratibu juu ya jina la pili kwenye safu, na akapiga mstari. Mmoja tu, mnyoofu.

"Kesho tutakuwa watatu," alisema.

"Ndugu yangu," alisema Mwokaji, safari hii bila mzaha, "huyu ni mchumba wako."

"Ninajua yeye ni nani. Sitaki kushuka mlima na mtu anayenihesabia pumzi."

Akakunja ramani. Akashusha baiskeli yake kutoka kwenye kulabu, ile ambayo Spana alikuwa ameifunga pedi mpya na kuipaka mafuta kila pingili ya mnyororo, akaisukuma hadi nje bila kugeuka. Mwokaji alimfuata, mikate kwapani na baiskeli yake mkononi, akimtazama Spana kwa macho ya kuomba radhi ya kosa lisilo lake.

Daktari alibaki nyuma. Alishusha baiskeli yake kwa kidole kimoja, kama kawaida yake ya kuudhi. Alipofika karibu na Spana alisimama, akainama mpaka Spana akasikia harufu ya dawa ya meno.

"Umeniiga vizuri," alinong'ona. "Ila siku nyingine kumbuka: mimi huwa sisemi tafadhali."

"Unajua hawezi," alisema Spana. "Umemfundisha mwenyewe. Unajua!"

"Najua. Ndiyo maana atahitaji mtu wa kumshika mkono."

Na tabasamu likatoka mlangoni kabla ya mwenyewe.

Nje, mlango wa gari la mikate ulifungwa. Injini ikaguna, ikaondoka. Karakana ilibaki na kulabu tatu tupu na moja yenye baiskeli ya Spana.

Shangazi alirudi kwenye cherehani, lakini hakushona. Aliweka mikono mapajani akamtazama binti wa kaka yake.

"Kwa hiyo utalia, au utafanya kazi?"

"Kazi gani, Shangazi? Nimefutwa. Kwa rula."

"Umefutwa kwenye karatasi. Mlima unasoma karatasi?"

Spana alipangusa uso kwa tambara, akazidi kuuchafua. Alitembea hadi kwenye meza. Aliinua mkono wa simu. Alipiga namba ile mara ya tatu siku hiyo, na safari hii hakuibana pua.

"Ofisi ya njia," ilisema sauti ya Mlinzi.

"Naitwa Spana. Mimi ni fundi wa baiskeli. Nataka kushuka Kimyakimya Jumamosi."

"Saa mbili imejaa, dada. Kuna Mwalimu na Daktari."

"Sitaki saa mbili. Nataka saa moja na nusu. Nataka kuwa mbele yao."

"Mbele yao, kwa nini? Wewe ni wa mashindano?"

"Hapana. Kuna kona moja katikati, ile ya baada ya mwamba mrefu, ambapo kila mtu huanguka. Nataka nisimame pale. Nimsubiri mtu."

Mlinzi alisikika akifunua kurasa.

"Saa moja na nusu ipo. Lakini dada, njia nyeusi haishukwi na mtu mmoja. Ndiyo sheria, akivunjika mmoja, wa pili aje kutuita. Mwenzako ni nani?"

Spana alizungusha macho karakana nzima. Alifikiria mtu wa posta, akaona haya. Alimfikiria Mwokaji, Mwokaji ameshaondoka na upande wa pili. Miaka kumi ya kutengeneza baiskeli za mji mzima, na hakuwa na jina moja la kutaja.

"Dada? Upo? Bila wa pili siandiki."

Nyuma yake kiti kiliburutwa. Hatua nzito zikavuka sakafu. Mkono wenye pete ya kushonea kidoleni ukauchukua mkono wa simu taratibu kutoka kwenye vidole vya Spana.

"Andika," alisema Shangazi.

"Niandike nani, mama?"

"Niandike mimi."

"Shangazi!" Spana alimshika bega. "Shangazi, una miaka sitini na mmoja! Hujawahi kupanda baiskeli hata siku moja!"

Shangazi aliuziba mkono wa simu kwa kiganja, akamtazama mpwa wake juu ya miwani.

"Nani kakwambia?" alisema. "Yule kijana wa simu ananiita mama, hajui anaongea na nani. Unadhani hiyo Kimyakimya, mtu wa kwanza kuishuka alikuwa nani?"